Anwani ya Leo ya Katoyi

Saa tatu asubuhi nilichomeka flash yangu katika mashine ya Lévi, na kabla sijavuta kiti vizuri ilikuwa imekwisha kuliwa. Majina ya mafaili yalikuwapo yote, thelathini na moja, lakini kila jina lilikuwa njia ya mkato isiyofika popote. Ndivyo vinavyofanya virusi vya cyber: vinakuachia mlango, vinabeba nyumba.

Mama Mukamazimpaka alikuwa amekaa kando yangu, miwani ikining'inia kifuani, akingoja nimwambie kwamba tumeanza. Yeye ni préfet, mkuu wa shule ya sekondari iliyokuwa karibu na Bunagana kabla vita haijaihamisha. Sasa shule hiyo ni mahema mawili na ubao mmoja mweusi kule Kanyaruchinya, kwenye kambi ya wakimbizi. Wanafunzi wake wa mwaka wa sita, thelathini na mmoja, walipaswa kuandikishwa siku hiyo kwa mtihani wa Serikali, na ukurasa wa kuwaandikisha kwenye mtandao ungefungwa saa sita ya Kinshasa, maana yake saa saba yetu. Asiyeandikishwa angengoja mwaka mzima. Kwa wengine ungekuwa mwaka wa tatu wa kungoja. Mmoja wao, Nyiransengimana, ana miaka ishirini na miwili kama mimi. Diploma yangu iko ukutani tangu nilipokuwa na kumi na minane. Yeye kila akiukaribia mtihani, bunduki zinamtangulia kwenye chumba.

Nilimwambia Mama Préfet ukweli. Hakupiga kelele. Aliuliza kama kuna nakala nyingine, nikamjibu kwamba ziko nyumbani kwetu Katoyi, ndani ya kompyuta yangu.

"Basi twende Katoyi," akasema, akaanza kukusanya mkoba wake.

Lévi, mwenye cyber, alicheka cheko la mtu asiye na raha. Siku hiyo Goma ilikuwa ville morte. Jana yake jioni vijana walikuwa wametangaza kwamba mji usitembee, kwa hasira ya vita iliyokuwa ikitusogelea, na tangu alfajiri barabara za kutoka Majengo, mtaa wa Lévi, zilikuwa zimepangwa mawe meusi ya volkano na matairi yanayowaka. Pikipiki hata moja haikuonekana. Lévi mwenyewe alikuwa amefungua mlango wa chuma nusu tu, na sisi tuliingia kwa kuinama. Mbali kidogo tulisikia mabomu ya machozi yakipasuka, moja, kimya, halafu mawili kwa pamoja.

Tulikuwa tumelala Majengo makusudi, kwa shangazi yangu Généreuse, ili tuamke karibu na antena ya Lévi, ambayo ina nguvu kuliko zote za mtaa. Tulikuwa tumefikiria kila kitu isipokuwa afya ya mashine za Lévi.

Nikafunga kitenge changu vizuri kiunoni. Kwa mguu, kwa kupenya vichochoroni, ningefika Katoyi kwa saa moja na nusu. Kurudi kungekuwa habari nyingine. Mama Préfet alinishika mkono.

"Ikala chini. Mutoto wa benyewe siwezi kumutuma mu mabomu juu ya karatasi."

Nikaketi. Nikampigia mama yangu, sauti ya mtandao ikanijibu kwamba simu imezimwa. Nilijua kwa nini. Katoyi ilikuwa haina umeme tangu Jumapili, na simu zote za avenue yetu zilikuwa zimelala kama kuku.

Lazima niseme karatasi hizo zilikuwa nini. Siku shule ilipokimbia, Mama Mukamazimpaka aliacha kitanda, masufuria na mbuzi wawili. Alibeba muhuri wa shule na palmarès, kile kitabu kikubwa ambamo pointi za kila mwanafunzi zimeandikwa kwa wino mwaka baada ya mwaka. Alikibeba mgongoni, amekifunga kwa kitenge kama mtoto mchanga, na mvua iliwanyeshea siku mbili. Kilipofika Goma kilikuwa tofali. Jumapili tatu mfululizo tulikaa sebuleni kwetu, yeye akibandua kurasa kwa kisu cha kupakia siagi, mimi nikizipiga picha kabla hazijakatika. Kurasa nyingine ziliishi muda wa picha tu, halafu zikawa makombo. Kwa hiyo picha zangu zilikuwa ndizo shule.

Na picha hizo zilikuwa ndani ya kompyuta ya Katoyi, kilomita chache kutoka kiti nilichokalia.

"Kuna njia nyingine," nilimwambia Mama Préfet. "Nyumba inaweza kuniandikia barua."

Lévi akageuka kwenye kiti chake. Alijua ninachosema, na alikuwa amekwisha kukicheka mara nyingi mbele ya wateja. Mimi ninafanya kazi ya kuwachapia watu vitabu vyao vya masomo, na nilitaka niwe na uwezo wa kuingia katika kompyuta yangu popote nilipo mjini. Shida ni kwamba aliyetuuzia mtandao hatupi anwani ya kudumu. Kila umeme ukikatika na kurudi, kile kisanduku cha antena kinapewa namba mpya, na ya zamani anapewa mwingine. Mtu asiyejua namba ya leo habishi hodi popote.

Nikaandika skripti. Ni faili fupi la amri ambazo kompyuta inazisoma kutoka juu hadi chini na kuzitii, bila mtu kukaa mbele yake. Kazi yake ni moja: umeme ukirudi, inanitumia barua pepe yenye namba ya leo. Yangu ina mistari kumi na tisa, na majina yote niliyoyatunga mimi ndani yake ni ya Kiswahili: anwani_ya_jana, anwani_ya_leo, barua. Siku nilipomwonyesha Lévi, alisema mbele ya watu: "Machine gani itasikia Kiswahili? Hata banyama ba Virunga banasikia Français kwanza." Watu wakacheka. Nilimjibu kwamba mashine inamsikia mtu anayeiandikia vizuri, na kwamba Kifaransa chake hata mashine ya kahawa ingekirudisha.

Lakini mara ya kwanza nilikosea, na kosa lenyewe lilikuwa la mtu wa Goma kabisa. Katika avenue yetu nyumba hazina namba. Ukiwa ndani ya uwanja unasema "kwa Mama Charline", na kila mtu anajua ni kwetu, kwa sababu Charline ni mimi. Nami nikaiuliza kompyuta jina lake, ikanijibu 192.168.1.10, na skripti ikanitumia namba hiyo siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Nikajisifu kwamba anwani yetu haibadiliki hata umeme ufanye nini. Kumbe hilo lilikuwa jina la uwanjani. Ukimwambia mtu wa pikipiki pale Birere "nipeleke kwa Mama Charline", atakuuliza Charline wa wapi, wako mia. Ili ujue dunia inakuita nani, lazima umuulize mtu aliye nje: wewe unayeniona, unaniona natokea wapi? Basi nikaifundisha skripti kuuliza mashine iliyo nje ya nyumba, mbali, isiyotujua.

Kosa la pili sikulikuta katika masomo yoyote niliyoyasoma kwenye mtandao, kwa sababu walioyaandika wana umeme wa kudumu. Kwetu umeme ukirudi, kompyuta inaamka mara moja, lakini antena juu ya paa inachukua dakika nyingi kutafuta njia yake. Skripti ilikuwa inauliza, inajibiwa kimya, inakiandika kile kimya kama anwani ya leo, halafu inalala ikiwa imeridhika. Nilikaa wiki nzima juu ya hilo. Mwishoni nikaiandikia hivi: ukijibiwa kimya, ngoja sekunde ishirini, uliza tena, na usichoke. Tena, usiandike kwamba barua imeenda mpaka iwe imeenda kweli. Mistari hiyo minne ni yangu. Sikuichukua kwa mtu.

Nilitoa simu yangu, kwa sababu mashine za Lévi sikuwa tena na imani nazo. Nilikuwa nimeweka ndani yake kidirisha cha kuandikia amri. Nikaunganisha na antena yake, nikafungua sanduku la barua. Barua ya mwisho kutoka nyumbani ilikuwa ya Jumapili: "Niko hapa. Anwani yangu ya leo ni 203.0.113.47." Nikabisha hodi kwenye namba hiyo. Kimya. Nikabisha tena, na tena.

"Computer yako haiko na midomo, Charline," alisema Lévi. "Na courant haiko Katoyi. Itakuandikia na nini, na makala ya jiko?"

"Njo vile, inangojea courant," nikamjibu. "Na sisi tunangojea. Machine zako ndizo ziko na malaria, yangu iko na usingizi tu."

Mama Préfet alicheka kidogo, mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akaniomba nimweleze tena, polepole, jinsi nyumba inavyoandika barua yenyewe, naye akasikiliza kama anavyosikiliza mwanafunzi mbele ya ubao. Aliuliza swali moja tu: ni nani aliyenifundisha kuiambia isichoke. Nikamwambia hakuna.

Saa nne ikapita. Saa tano ikafika. Nje mtu alipita mbio, halafu wengi, halafu moshi wa tairi ukaingia chini ya mlango na Lévi akauteremsha mpaka ukabaki upana wa mkono. Mama Préfet alikuwa ametoa daftari lake na kuandika majina upya kwa mkono, moja moja, na mbele ya kila jina tarehe ya kuzaliwa, zote kutoka kichwani. Sikumuuliza kwa nini. Kuna watu ambao mikono yao ikikaa bure wanalia.

Saa tano na dakika ishirini simu yangu ilitikisika.

"Niko hapa. Anwani yangu ya leo ni 203.0.113.112."

Niliigeuza simu ili Mama Préfet asome mwenyewe, na yeye akasoma kwa sauti, polepole, tarakimu kwa tarakimu, kama mtu anayesoma kijiji chake kwenye ramani. Lévi alisimama nyuma yetu. Nikabisha hodi kwenye namba mpya, nikaandika neno la siri, na kompyuta yangu ikafungua. Nilikuwa ndani ya sebule yetu. Niliorodhesha mafaili na yote yalikuwapo, thelathini na moja, na Nyiransengimana katikati yao.

Picha zilikuwa nzito. Nikaiagiza kompyuta ya nyumbani izipunguze kwanza hukohuko, halafu ianze kunitumia moja baada ya nyingine. Ya kwanza ikaingia. Ya tano. Ya kumi na mbili. Mama Préfet alikuwa akiweka alama katika daftari lake kila moja inapofika. Ya kumi na tisa iliingia, na ya ishirini ikasimama katikati.

Nikabisha. Kimya.

"Courant tena," alisema Lévi, na safari hii hakucheka.

Lakini mimi nilikuwa nikifikiri kitu kingine. Ilikuwa karibu saa sita. Umeme umerudi baada ya siku tatu, na mama yangu ni mtu wa Butembo, hapotezi moto aliopewa. Nikapiga simu yake. Iliita.

"Mama, umetia réchaud?"

"Kwani maharagi itaiva namna gani? Siku tatu niko na kula mikate kama muzungu."

"Na courant iko?"

"Ilikuwa. Nimetia réchaud, pa, yote imezima. Nazani ni kile kifungo cha mu mulango."

Nilifunga macho. Katika Goma nzima hakuna nyumba yenye umeme wa kutosha réchaud, lile jiko la umeme, na kitu kingine, na kila mtoto anajua hivyo, na kila mama anajaribu. Nikamweleza kwamba shule nzima ya Mama Mukamazimpaka iko ndani ya ile mashine anayoifunika kitambaa, kwamba tumebakiza saa moja, kwamba achomoe réchaud, apandishe kifungo, halafu asiguse kitu chochote chenye waya mpaka nimwambie.

Mama Préfet alikuwa ameacha kuandika.

"Charline," alisema mama yangu, "ni batoto ba ule mama wa kitabu cha mvua?"

"Njo bo."

"Ungesema tangu zamani. Maharagi naihamishia ku mbabula ya makala."

Nikasikia chungu kikiburutwa, kisha mlango, kisha kifungo kikipanda kwa mlio wake mfupi. Aliniambia taa imewaka, akakata simu bila kuaga, ili asiitumie vibaya, alinieleza baadaye, kwa maana simu nayo ilikuwa kwenye waya wa chaji.

Sasa kazi ilikuwa imerudi kwa mistari yangu minne. Niliiona nyumba ile kichwani: kompyuta inaamka, inauliza, antena bado haijapata njia, jibu ni kimya. Ngoja sekunde ishirini. Uliza tena. Kimya. Ngoja. Hakukuwa na kitu ningeweza kufanya kutoka Majengo, hata kidole kimoja. Nilikuwa nimekwisha kufanya yote yangu miezi miwili kabla, nikiwa nimekaa juu ya kiti cha plastiki, mbele ya mashine ya zamani, na mtu aliyeniambia kwamba napoteza muda ndiye huyu aliyesimama nyuma yangu akitafuna kucha.

Saa sita na dakika saba. Saa sita na kumi. Mama Préfet alivaa miwani yake, akaivua.

Saa sita na dakika kumi na nne simu ilitikisika. Namba ilikuwa nyingine tena, ya tatu.

Nikaingia. Nikaendelea kuanzia ya ishirini. Zilifika zote kumi na mbili, na nilipozihesabu, Lévi alizihesabu pamoja nami kwa sauti, kwa Kifaransa, kwa sababu namba huwa anazihesabu hivyo. Kisha tukafungua ukurasa wa Kinshasa kwenye simu yangu. Lévi mwenyewe alizima mashine zake zote saba ili antena yote iwe yetu, na wateja wawili waliokuwa wamejificha humo tangu asubuhi hawakulalamika. Mama Préfet alinisomea majina na tarehe kutoka daftarini, mimi nikapachika ukurasa wa kila mmoja. Kulikuwa na jina moja ambalo picha yake ilikuwa na doa la mvua juu ya pointi za hesabu. Alilitazama, akaweka kidole juu ya skrini, akasema ni sabini na moja, anakumbuka, alimwadhibu mtoto huyo kwa kuwa alikuwa na uwezo wa themanini. Tukaandika sabini na moja.

Saa sita na dakika hamsini na mbili nikabonyeza. Gurudumu dogo likazunguka, likazunguka, halafu ukurasa ukaandika kwamba dosie thelathini na moja zimepokelewa.

Lévi alikaa. Kisha akaniomba simu. Nilidhani anataka kuona ule ukurasa wa Kinshasa, kumbe alitaka skripti. Nikaifungua. Akaisoma yote, akishuka mstari kwa mstari, midomo ikitembea: kama anwani ya leo si anwani ya jana. Alipofika mwisho alirudi juu.

"Iko muzuri," alisema. "Utanitilia na mimi hapa?"

"Nitakutilia. Kwa Kiswahili."

"Kwa Kiswahili," akakubali.

Nikamgeukia Mama Mukamazimpaka nikitegemea kumwona akilia, au akiomba. Alikuwa amesimama. Alikuwa amenyoosha blauzi yake, amevaa miwani, na kushika daftari mbele yake kwa mikono miwili, kama mkuu wa shule siku ya proclamation, ya kutangaza matokeo, wakati wazazi wote wamejaa uwanjani na mavazi yao mazuri. Akakohoa kidogo. Halafu akaanza kusoma.

Alisoma jina la kwanza, akanyamaza, akajibu mwenyewe: "Présent." Akasoma la pili. "Présente." Hakuharakisha. Nje kelele zilikuwa zimepungua, na wale wateja wawili waliinua vichwa. Kwa kila jina alikuwa akitulia kidogo, muda ambao mtoto angehitaji ili anyanyuke kwenye benchi lake, halafu anaitikia kwa niaba yake kwa sauti ileile kavu ya darasani, kwa walio Kanyaruchinya, na kwa wawili waliokimbilia Uganda ambao alikuwa amewaandikisha hata hivyo kwa sababu walimwahidi watarudi kwa mtihani.

"Nyiransengimana. Présente."

Nilisimama. Lévi naye akasimama, akavua kofia yake. Kwetu proclamation haisikilizwi mtu akiwa amekaa, na Mama Préfet alikuwa bado ana majina kumi na manne.